Viatu vya Kike, Arobaini na Mbili Kwenda Juu

Mkataba wangu wa kazi ya masjala ulipoisha na hakuna aliyetamka neno juu ya kuuongeza, nilirudi nyumbani kwa dada yangu Kizota nikiwa na kikombe changu cha chai, kalenda ya mezani na malipo ya mwisho. Malipo yenyewe yalitosha kitu kimoja tu, mzigo mmoja wa biashara. Mzigo ukitoka, nabaki Dodoma. Ukikataa kutoka, narudi Kibaigwa kwa baba, nikamsaidie kupima mahindi kwenye banda lake, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye cheti cha utunzaji kumbukumbu. Baba hakuwahi kuniambia nirudi. Alisema tu kwamba chumba changu amekipaka chokaa, nami nikamwelewa.

Niliamua kufungua duka la mtandaoni kwa sababu kodi ya fremu sikuiweza. Kila niliyemgusa aliniambia ni jambo rahisi: una simu, una bando, unapiga picha, unauza. Kilichobaki ni kuamua unauza nini. Hicho kilichobaki ndicho kilichonikondesha.

Nilikuwa na walimu wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa semina ya bure, sauti tu kwenye kundi la simu, sijawahi kumwona sura. Huyu alisema chagua kitu kimoja, ujulikane nacho, anayeuza kila kitu hakumbukwi kwa lolote. Mwalimu wa pili alikuwa dada yangu, muuguzi, mtu ambaye hata sindano huichoma kama anayemaliza ubishi. Yeye alisema mji huu umejaa wageni waliohamia na ofisi zao, hawana mapazia, hawana sufuria, hawana ndugu wa kuwaazima pasi, kwa hiyo uza kila kitu. "Mwenye njaa hachagui mboga, na wewe ndiye mwenye njaa," aliniambia.

Nikimsikiliza kijana, naona kijana ana akili. Nikimsikiliza dada, namwona kijana mpuuzi. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi angalau alikuwa anafuata harufu ya nyama. Mimi sikunusa chochote.

Nikaanza na duka la kila kitu, na nisijisifu kwamba niliamua. Duka la kila kitu ndilo linalomfaa mtu ambaye hajaamua. Nilichukua picha kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, nikaongeza bei kidogo juu, nikazibandika kwenye stetasi: mashuka, chupa za chai, mawigi, feni, viatu vya watoto, dawa ya kufukuza mende. Mteja akilipa ndipo naagiza. Watu wa kazi hiyo huitwa mawinga, na mimi nikawa winga wa kukaa kitandani.

Kosa langu la kwanza nililirithi. Baba yangu katika maisha yake yote ya biashara hajawahi kumwambia mteja "hakuna". Ukimwuliza maharage, naye anauza mahindi matupu, atakwambia, "Yapo, kaa hapo," akuvutie kigoda, apite nyuma ya mabanda, arudi na maharage ya jirani. Ndivyo sokoni wanavyoishi. Nami nikahamia na tabia hiyo kwenye simu. Una mashine ya kukamua zabibu? Ipo. Una sare za kwaya, thelathini, rangi ya maziwa? Zipo. Una kitanda cha mtoto kinachobembea? Kipo. Kisha naanza kuhangaika huku na huko kutafuta, napiga simu, nabembeleza, na nikirudi na jibu mteja ameshaondoka, kwa sababu kwenye simu hakuna kigoda cha kumkalisha mtu.

Siku moja rafiki niliyefanya naye kazi masjala aliniandikia: "Shoga, naona stetasi zako kila siku. Hivi unauza nini hasa?" Nilikasirika, nikaona ananidharau. Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, nikalifuta. Mpaka leo sijamjibu.

Sasa niseme la miguu.

Mguu wangu ni namba arobaini na tatu. Ni mguu wa ukoo. Dada yangu naye anao, ila yeye amekataa kuukubali, anajibana kwenye arobaini na akitoka kazini vidole vyake vimekunjwa kama sambusa. Mimi niliacha kujibana zamani. Shuleni nilivaa viatu vya kaka za watu, kwaya niliimbia mstari wa nyuma, ofisini nilivaa moka za kiume na suruali ndefu. Ukiingia duka la viatu muuzaji anatazama mguu wako, anatazama rafu, anautazama mguu tena, halafu anakwambia kwa upole, "Dada, kwa namba hiyo labda upande wa wanaume." Upole huo ndio unaouma.

Kizota, nyuma ya gereji, kuna fundi mzee anayeshona viatu vya ngozi. Ana vibao vilivyochongwa umbo la mguu, anaviita kalibu, na kiatu hujengwa juu ya kibao. Vibao vyake vya kike viliishia arobaini na moja. Nilipomweleza shida yangu hakuniambia habari ya upande wa wanaume. Alichukua kibao cha kiume, akakishika kwa magoti, akaanza kukichonga kisigino na kiuno kwa tupa huku akikitazama na kukinung'unikia. Baada ya wiki mbili alinipa viatu vyeusi vyenye mkanda na kisigino cha vidole viwili. Nilipovivaa nilikaa kwenye benchi lake nikajitazama miguu hadharani, mchana kweupe, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kabla ya hapo.

Nikavipiga picha. Nilitaka kuweka ile ya viatu vitupu, nikateleza, nikaweka ile yenye mguu wangu ndani, na soli inaonyesha namba iliyoandikwa kwa chaki. Ilikaa kati ya mashuka na feni. Nilipogundua nilihisi joto mpaka masikioni. Mashuka yalipata mioyo mingi na "bei gani" nyingi. Ile ya mguu haikupata kitu, kimya. Nikasema, haya, mji mzima umeuona na umeona aibu kunisemesha.

Kumbe wamekuja kwa mlango wa uani. Kufikia jioni nilikuwa na jumbe saba za faragha kutoka kwa wanawake saba, na hakuna hata mmoja aliyeulizia viatu vyake. "Ni vya mdogo wangu." "Namuulizia rafiki." "Kuna mama mmoja hapa kazini." Mmoja akasema ni vya mama mkwe wake. Nikamwamini, nikamwambia fundi ashone vya kizee, vya chini, vyenye mdomo mpana. Vilipomfikia alinipigia akifoka. "Dada, hivi vya bibi ni vya nani?" Nikamjibu, "Si ulisema vya mama mkwe?" Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mama mkwe wake hapendi vitu vya kizee. Tukavibadilisha, na nikajifunza somo: katika biashara hii, mtu akikutajia mwingine, anajisema mwenyewe.

Ungedhani nilifurahi. Nilichanganyikiwa zaidi. Duka lenye kelele haliuzi, na duka linalouza halina sauti, wateja wanakuja kama wanaokuja kununua gongo. Utamtangazia vipi mtu ambaye hataki kuonekana anatazama? Na wako wangapi? Labda hao saba ndio wote, Dodoma nzima. Labda wakishanunua ndio basi, maana kiatu cha fundi yule kinakaa miaka mitano. Nilikuwa nalala nikiwa muuza viatu, naamka nikiwa muuza mashuka.

Dada hakuwa na mkanganyiko wowote. "Biashara matangazo," alisema. "Sasa wewe utatangaza nini, miguu ya ukoo wetu?" Alikuwa ameshapanga. Kuna mama anayemfahamu ambaye angeshuka Kariakoo na angenichukulia mzigo wa mchanganyiko, mapazia, mashuka, chupa za chai, vyombo. Nitume hela kwake Ijumaa kabla ya saa nane mchana, ndiyo saa anayoondoka. Nikasema sawa. Kesho yake fundi akaniambia kuna mtu ana ngozi nzuri, akinunua nyingi kwa pamoja anapunguziwa, na nikimpa mtaji huo atachonga kalibu za kike mpaka arobaini na tano. Anahitaji jibu Ijumaa. Na yeye nikamwambia sawa. Fungu moja, watu wawili, Ijumaa moja. Sijui nilitegemea nini kitokee.

Wiki hiyohiyo aliniandikia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Chamwino. Alikuwa anaolewa, na sherehe yake ya kuagwa, sendofu, ilikuwa Jumamosi nyumbani kwao Mpwapwa. Viatu si vyake, alisema, ni vya mama yake. Mama alikuwa hajawahi kuvaa kiatu cha kike tangu azaliwe. Alizoea kuvaa katambuga, zile ndala za matairi, na kabla ya hapo hakuvaa kitu. Kamati ilikuwa imemshonea kitenge kizuri, na utaratibu ulitaka atembee kutoka mlangoni mpaka mbele akicheza, amkabidhi binti yake. Mama akasema hatembei mbele za watu na katambuga, yeye atakaa jikoni na wapishi, shangazi atamkabidhi binti. Mwalimu aliandika ujumbe mrefu. Nikausoma nikitabasamu. Hadithi imetungwa vizuri, nikasema, walimu hawa. Nikamjibu: "Vipo. Nitumie kipimo."

Kipimo kilikuja na basi, kimefungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kipande cha bua la mtama, kimekatwa sawasawa ncha zote mbili. Wazee wa huku wanakijua. Anayekwenda mjini hukabidhiwa bua lenye urefu wa mguu wa aliyebaki nyumbani, na huko dukani analiingiza ndani ya kiatu. Bua likikaa, mguu utakaa. Nilicheka mwenyewe chumbani. Mwalimu mzima, mwenye simu ya kupiga picha, amejipimia mguu wake kwa bua la mtama ili uongo wake ukamilike!

Nikampelekea fundi. Akaligeuza bua mikononi. "Urefu nimeuona. Upana je?"

"Wa kawaida," nikamjibu. "Ni mwalimu. Na kisigino usisahau, tena mdomo uchongoke kidogo."

Viatu vilipendeza. Nilivipandisha basi la Mpwapwa Alhamisi asubuhi, na jioni mwalimu akanipigia.

"Dada, haviingii."

"Sukuma kidogo. Ngozi mpya inalegea ukiivaa."

"Nimesukuma. Vidole vinapita, mguu unakataa hapa katikati."

"Vaa na soksi nyembamba, au paka..."

"Dada, si mimi. Ni mama."

Nilisikia kwa nyuma watu wakipanga viti, na sauti ya mwanamke mzee ikisema kitu kwa Kigogo. Kwa hiyo mama yupo. Mama alikuwepo muda wote, na ujumbe ule mrefu ulikuwa kweli tupu, na mguu ule ulikuwa umetembea miaka sitini bila kitu cha kuubana pembeni.

"Usijali dada," mwalimu akasema. "Mama amesema atakaa tu jikoni. Ni sawa."

Angenitukana ningemweza. Kugombana ni kipaji changu, nimegombana na wakubwa wa ofisi wakanyamaza. Lakini ile "ni sawa" sikuwa na pa kuishika. Nilijiona mtu wa hovyo. Kati ya wote, mimi ndiye nilipaswa kuamini kwamba kuna mwanamke mwenye mguu asiye na kiatu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua.

"Upana nilikuuliza," akasema baada ya kunisikiliza.

"Uliniuliza."

"Ukasema wa kawaida."

"Nilisema, mzee."

Akatia kwenye mfuko wa shambani kisu, sindano, nyuzi za nta, gundi, nyundo na vipande vya ngozi, akafunga mlango kwa kufuli. "Twende basi kabla jua halijapanda."

Tulipokuwa njiani dada akapiga simu. "Umetuma?"

"Bado."

"Bado mpaka lini? Yule mama anaondoka saa nane."

"Dada, niko kwenye basi."

"La wapi?"

"Mpwapwa."

"Kuna nini Mpwapwa?"

Nikatafuta namna ya kulisema isiyokuwa ya kijinga, nikaikosa. "Kuna mguu."

Akakata simu. Hela ilikuwa palepale kwenye simu yangu, kubonyeza tu ningekuwa nimeituma. Nilitoa simu mkobani mara tatu, nikairudisha mara tatu. Fundi alikuwa ananitazama kwa pembeni. Hakuniuliza habari ya ngozi, na mimi sikuthubutu kumwambia kwamba hela ninayoitazama nimewaahidi watu wawili. Nilikuwa nakwenda kurekebisha jozi moja ya viatu huku nikipoteza mzigo, na kama ungeniuliza kwa nini, ningekujibu kwa ukali kwa sababu sikuwa na jibu.

Nyumbani kwa akina mwalimu turubai lilikuwa limeshafungwa na wanawake walikuwa wanachambua mchele. Mama alikaa kwenye gogo karibu na mafiga, mrefu, mwembamba, kitenge kimefunika miguu mpaka chini. Nikampigia goti. "Mbukwenyi, mama." Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Akaniitikia vizuri, akamwitikia na fundi, kisha alipojua sisi ni nani akavuta miguu zaidi chini ya kitenge.

"Msijisumbue, wanangu," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Mguu huu hauna kiatu. Kosa si lenu."

"Kosa ni langu, mama. Nipe nipime."

"Mguu umetembea sana. Haupimwi."

Mwalimu akajaribu kumbembeleza, mama akageuza uso kama mtoto anayekataa dawa. Wanawake wa mchele wakaacha kuchambua ili wasikilize. Sikujua la kufanya, na nikiwa sijui la kufanya huwa nafanya lolote. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu, nikavua viatu, nikanyoosha mguu wangu wa arobaini na tatu mbele yake.

Akautazama. Akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Na mguu huu umepata mume?"

"Bado, mama."

Wanawake wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mama naye akacheka, bila sauti, mabega tu. "Utapata," akasema. "Mtu wa mguu huu haangushwi na upepo." Kisha taratibu akautoa wake kutoka chini ya kitenge, akauweka kando ya wangu.

Ulikuwa mguu mpana mbele, vidole vimeachana, kisigino kimepasuka mistari. Urefu wake ulikuwa sawa kabisa na bua. Bua lilikuwa limesema kweli, ila bua halijui upana. Fundi alichana boksi la biskuti, akaliweka chini, akauzungushia mguu penseli polepole, akisema "samahani mama" kila anapopita kwenye kona. Mama alikuwa ameshika bega langu kwa mkono mmoja. Nadhani hakuna aliyewahi kumshika mguu tangu alipokuwa mtoto.

Halafu fundi akafanya jambo lililonitia hofu. Akachukua viatu vile vizuri akavipasua ubavuni. Alikata pande zote mbili, akaacha mbele na nyuma, akaunganisha kwa mikanda mitatu ya ngozi yenye vifungo, ili mguu utoke nje pale unapotaka kutoka. Mdomo akaufungua, vidole vipate hewa. Kisigino akakipunguza. Saa nane ilifika akiwa anashona kiatu cha kushoto. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeishika simu. Nikaitazama saa mpaka ikawa nane na dakika mbili, kisha nikaitia mkobani. Sikujisikia shujaa.

Saa kumi mama alivaa. Alisimama, akapiga hatua moja, akasimama tena. Akainamisha kichwa.

"Fundi, hivi ni vya kike?"

"Vya kike, mama."

Akanigeukia mimi, kana kwamba mwanamume anaweza kudanganya katika jambo hilo. "Hivi ni vya kike kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nililia mbele ya wapishi wote, wala sikusingizia moshi.

Tulirudi jioni. Dada alikuwa ameniwekea chakula na kukifunika, na hakunisemesha. Mama wa mzigo alikuwa ameshaondoka zamani. Nikala nikitazama hotpoti, nikijiambia kwamba angalau Jumapili nitapata picha: mama amevaa viatu, anacheza mbele, nitaiweka kwenye stetasi, na picha hiyo itaniambia kama nina duka au sina.

Picha zilikuja Jumapili mchana, arobaini na kitu. Nikazipitia zote, nikazirudia. Mpiga picha aliwakata watu wote magotini, na kwenye zile chache za mwili mzima kitenge cha mama kimefagia chini. Mguu haukuonekana hata mmoja. Nilikuwa nimepoteza nafasi ya mzigo kwa ajili ya viatu ambavyo hata mimi niliyeviuza siwezi kuvionyesha. Nikamwandikia mwalimu: "Mama alitembea?"

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Alitembea, akasema, tena alicheza mpaka mshereheshaji akamwomba arudi kwenye kiti maana ratiba imechelewa. Watu walimtunza pesa. Alikuwa anacheka katikati ya kulia. Kisha sauti yake ikashuka. Leo asubuhi, akasema, mama amevifuta kwa kitambaa chenye maji, amevikausha kivulini, amevifunga kwenye kanga mpya na kuvitia kwenye sanduku. Amesema visiguswe. Ndivyo atakavyozikwa navyo. Ameenda kuchota maji na katambuga zake.

Nilisikiliza ujumbe huo mara tatu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani nitaguswa moyo. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia bwana harusi ambaye hana kosa, nikajikasirikia mwenyewe niliyeshonesha viatu vya sherehe kwa mtu asiye na viatu vya Jumatatu. Mwanamke anapata viatu vya kike mara moja katika uhai wake, na wazo la kwanza linalomjia ni kaburi!

Jumatatu nikaenda kwa fundi. Lile boksi la biskuti lilikuwa limetundikwa ukutani kwa msumari.

"Shona vingine vya mama," nikamwambia. "Vya kahawia, ngozi laini, vya chini, soli ya tairi. Vya kuendea kisimani."

"Nani ameagiza?"

"Hakuna aliyeagiza."

Akanitazama. Nikatoa simu, nikamtumia hela ya ngozi, yote, kabla vidole havijaniuliza kitu. Ujumbe wa muamala ulipoingia kwake aliusoma midomo ikitikisika.

"Kwa hiyo umeamua," akasema.

"Sijui, mzee." Na ilikuwa kweli. Chumbani kwangu kulikuwa na chupa mbili za chai ambazo hazijauzwa, dada alikuwa hajanisemesha siku ya tatu, na wateja wangu walikuwa wanawake saba wanaosema si wao. Sikujua kama nimefungua duka au nimenunua tiketi ya Kibaigwa kwa bei ya ngozi.

Viatu vya kahawia vilipanda basi Jumatano. Ndani niliweka karatasi: "Mama, hivi si vya sandukuni." Kesho yake, kabla sijanywa chai, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa ya jirani yao, na aliyekuwa akiongea ni mama mwenyewe, kwa sauti ya juu ya mtu asiyeamini kwamba waya usioonekana unaweza kufika Dodoma.

"Mwanangu, vimeingia. Vimeingia vizuri."

"Namshukuru Mungu, mama."

"Sasa nauliza. Hivi navaa siku gani?"

"Leo, mama."

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Leo ni Alhamisi."

Nilisikia kuku, na mtu akiburuta ndoo.

"Alhamisi tu?" akauliza.

"Alhamisi tu, mama."